Glasi Mbili za Oili

"Wembe ukishapita tu, hii mashine naisukuma na mkokoteni mpaka darajani, naiangusha Nzoia. Kwisha maneno," Festus alisema, akaipiga teke ile mashine ya boti, akasahau kwamba yenyewe ni chuma na yeye amevaa ndara.

"Utavunja kidole bure," Hamdun, jirani wa marehemu kule Kitale, akamwambia. "Mashine haina kosa, bana. Shida ni aina. Tustroki ni tustroki. Nilimwambia marehemu miaka miwili mizima."

"Wewe Hamdun, usiniletee mambo ya aina hapa kwa boma ya baba yangu! Ni hiyo fostroki yako ilimmaliza ndugu yangu."

"Fostroki yangu ilinirudisha salama. Itamalizaje mtu alikuwa kwa boti ingine?"

"Kama haingekuja, yeye angefuata nini huko Turkana? Si alikuwa amekaa Kitale miaka kumi na mbili bila kulowesha hata kisigino?"

Hamdun akavua kofia yake, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akaivaa tena.

Ilikuwa siku ya tatu tangu wamzike Walubengo nyumbani kwao Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma, mwaka wa tisini na tano. Siku ya kunyoa nywele. Kwa ukoo ule, fundi akifa vyombo vyake vya kazi havishikwi na mtu, ila ndugu mkubwa tu, mpaka wembe upite vichwani mwa wafiwa wote. Wembe ukishapita, ndugu mkubwa ndiye anasema hiki kiende huku na kile kiende kule, na hakuna wa kumrudisha nyuma. Ndugu mkubwa alikuwa Festus. Mashine alikuwa ameifungia ndani ya ghala ya mahindi tangu ilipokuja pamoja na maiti. Asubuhi hiyo ndiyo aliitoa, akaibana kwa ubao wa mkokoteni, tayari kwa safari ya mtoni.

Bilha, mjane, alikuwa ameketi kwenye mkeka hatua sita kutoka kwa ule mkokoteni, miguu imenyooka mbele yake, macho makavu kama mawe ya jiko. Katika dunia yote alitaka kitu kimoja: kuvuta ile kamba ya kuwashia, mara moja tu. Ikija, sawa. Ikikataa, sawa pia, maana angejua. Lakini ikishafika Nzoia, atakufa bila kujua.

Na kuielewa hiyo kamba, sharti kwanza uielewe oili.

Bilha alizaliwa upande wa Kibabii, mtoto wa saba katika nyumba yenye kalamu moja na wavulana wanne. Shule aliijulia kwa nje, akipita na kuni kichwani. Lakini kama hakupewa kalamu, alipewa pua, tena pua ya watu watatu. Akiwa msichana mdogo alikuwa akiwaambia wakubwa maziwa haya yataganda kesho saa nne, na kweli saa nne yanaganda. Mgeni akiwa bado mbali, njia panda ya Kanduyi, yeye huku nyumbani ameshainua uso na kusema, "Anakuja, na amebeba sukari," au, "Anakuja, lakini mwambieni tumesafiri." Wachumba wawili walikataliwa kwa sababu ya hiyo pua. Wa tatu alikuwa Walubengo, ambaye alinuka petroli mpaka kwa nyusi, na Bilha akasema huyu angalau hafichi kitu.

Walubengo wakati huo alikuwa akikata miti kwenye miteremko ya Elgon kwa pawa, ule msumeno wa mashine ambao ukiwashwa nyani wanahamia Uganda. Pawa ni tustroki. Alikuwa anaifungua na kuifunga akiwa amefumba macho, na wanaojua wanasema mara moja aliifunga akiwa amelala, akaamka ikiwa imebaki na skrubu mbili juu, na ilikata miti vizuri kuliko mwanzo.

Mwaka wa themanini na tatu walihamia Kitale. Barabara ya kwenda Turkana ilipitia pale, na samaki wakavu walishuka nayo kwa malori, harufu ikitangulia gari kwa siku moja. Juu ya samaki, siku moja, kulikuwa na mashine ya boti iliyokufa. Mafundi wa Kitale walijua trakta, walijua lori, walijua posho mili ya kusaga mahindi. Kitu chenye kichwa juu na panga la kuzunguka chini hawakukijua. Mmoja alisema kipelekwe hospitali ya mifugo. Ndipo Walubengo akakiinamia, akavuta kamba, akasikiliza kile kikohozi, akacheka. "Hii," akasema, "ni pawa imeolewa na samaki."

Hivyo ndivyo mtu ambaye hajawahi kuona ziwa kwa macho yake alivyogeuka daktari wa mashine za boti. Kibanda cha mabati nyuma ya msikiti, meza moja, na pipa kubwa la maji. Mashine ikishatengenezwa inabanwa kwenye mdomo wa pipa, panga likiwa majini, inawashwa, na maji yanachemka kama sherehe. Siku ya kwanza pipa lilitembea. Kuna wanaosema lilienda hatua tatu, na kuna wanaoapa lilizunguka soko zima likarudi lenyewe, na halikumwaga maji hata kikombe. Moshi ulikuwa mwingi hata kuku weupe wa Hamdun, jirani mwuza samaki, wakaingia kibandani weupe na kutoka weusi, wakagombana na majogoo wao wasiowatambua.

Sasa ile oili. Tustroki haina tumbo la oili. Oili yake inaipata ndani ya petroli, kama mtoto anayetiliwa dawa kwenye uji. Ukisahau kuitia, mashine haikwambii. Inakimbia vizuri, tena inakimbia zaidi, inaimba. Halafu pistoni inashikana na silinda kama ukoko na sufuria, na hapo hata kamba ivutwe na kijiji, haiji.

Mtungi wa petroli wa lita ishirini unataka oili glasi mbili, zile glasi za kunywea chai. Glasi mbili, zijae mpaka kwenye mdomo. Aliyezitia ni Bilha. Wateja wote walidhani ni fundi, na fundi hakuwasahihisha. Lakini pua yake Walubengo ilikuwa imekufa kwa moshi wa pawa, na hakuweza kutofautisha petroli na supu. Bilha alikuwa akimimina glasi ya kwanza, glasi ya pili, anatikisa mtungi, anachovya kidole, anasugua kwa gumba, ananusa. Ikiwa sawa anafunga utepe wa ganda la mgomba kwenye shingo ya mtungi. Mtungi wenye utepe umeshakunywa dawa. Mitungi ilipanda na malori mpaka Ziwa Turkana, na mvuvi wa Kalokol asiyejua hata jina la Bilha alikuwa hawezi kwenda majini bila kuuona ule utepe.

Mwaka wa tisini na tatu Hamdun akaleta fostroki.

Aliiteremsha yeye mwenyewe kutoka kwa lori, akiishika kama mtoto wa kwanza. Fostroki ina oili yake tumboni kama gari. Petroli inakunywa tupu, tena kidogo kidogo, kama mgeni mwenye adabu. Haitoi moshi. Na kelele yake, hakuna. Hamdun aliiwasha kwenye pipa, akaenda kuswali, akarudi akakuta kuku ameatamia juu yake na mayai mawili tayari.

"Umeona?" akamwambia Walubengo. "Hiyo ndiyo mashine. Yako inapiga kelele kama mke mdogo."

"Kitu kizito kisichosema kinaficha jambo," Walubengo akajibu. "Nani atabeba hii kutoka majini mpaka nyumbani? Na ndani kuna valvu, kuna mkanda, kuna sijui nini. Tustroki ikizima katikati ya ziwa, mvuvi anatoa plagi, anaisugua kwa suruali, anairudisha, huyoo anaenda. Hii ikizima atafanya nini? Ataiimbia?"

"Lakini haizimi."

"Na ikizima?"

"Mzee, haizimi."

"Mimi nauliza, ikizima?"

Miaka miwili wakawa na hayo tu. Wanaamka nayo, wanakunywa nayo chai. Bilha akipita katikati yao na sufuria alikuwa akisema, "Na nyinyi wawili, mngekuwa mashine, nani angenunua?" na wote wanacheka, halafu wanaanza upya. Hata wauza mboga walikuwa wamegawanyika. Mama wa sukuma wiki alikuwa tustroki kabisa. Wa nyanya alikuwa fostroki.

Halafu wavuvi wa Kalokol wakatuma neno. Wanataka kununua mashine kumi, na hawajui aina. Waje wote wawili, boti mbili sawa, mzigo sawa, mawimbi sawa, waone kwa macho. Walubengo alipaswa kukataa. Badala yake alivaa shati la kanisani.

Asubuhi ya safari Bilha alitoa mtungi mmoja wa lita ishirini, akaujaza petroli. Akachukua glasi. Hapo hasa ndipo Jerono, mama wa maziwa, alipomwita kutoka barabarani, "Mama, maziwa unachukua ama huchukui leo?" Bilha akatoka. Akamwambia Jerono maziwa yake siku hizi yanaoga kabla ya kuja sokoni. Jerono akamwambia kama ni hivyo akamue paka. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Aliporudi, Hamdun alikuwa akipiga honi ya lori, Walubengo ameshapanda, na mtungi uko miguuni pake, na utepe uko shingoni mwa mtungi.

Utepe aliufunga yeye. Hilo analikumbuka, hata fundo. Glasi ya kwanza haikumbuki. Glasi ya pili haikumbuki. Miaka kumi na mbili mikono yake ilikuwa ikifanya kazi ile bila kumwambia, na siku hiyo moja ambayo alihitaji ishuhudie, haikuwa na la kusema.

Hamdun ndiye aliyeleta habari, na maiti, na mashine, vyote kwa lori moja. Alisimama kwenye mlango wa kibanda akaeleza huku akitazama pipa. Boti ya Walubengo ndiyo ilikuwa mbele. Ile tustroki, wallahi, iliimba siku hiyo kuliko siku zote. Iliwaacha mbali. Halafu ikanyamaza. Walubengo akainuka, akaweka mguu mmoja juu ya ubao wa nyuma kama alivyozoea kuuweka kwenye pipa, akasimama wima, akavuta. Kwenye boti hakuna anayesimama hivyo; hata mtoto wa mvuvi huvuta akiwa amechuchumaa. Lakini nani angemwambia, na yeye ndiye fundi? Alivuta mara ya kwanza. Alivuta mara ya pili. Upepo ukaleta wimbi la ubavuni, boti ikainama kidogo ikajirudia yenyewe, na yeye hakuwa juu yake tena. Kuogelea hakujua. Angejifunzia wapi, kwenye pipa?

Bilha aliuliza neno moja. "Kamba ilikuja?"

"Nini, mama?"

"Alipovuta. Kamba ilikuja ama ilikataa?"

Hamdun alidhani ni uchungu unaosema. Alikuwa mbali, hakuona kamba. Akamshika mkono, akasema ni kazi ya Mungu.

Kuanzia hapo mwili wa Bilha ukawa kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu. Upo, lakini si wa mtu. Walimpa chai ya moto akainywa kama maji. Walimfunika leso, ikaanguka, haikuokotwa. Na ile pua iliyokuwa ikimjua mgeni tangu Kanduyi ilifunga milango: harufu ya ng'ombe aliyechinjwa, jasho la waombolezaji mia tatu, maua, udongo mbichi, vyote vilipita mbele yake kama picha. Wanawake wa Mabanga walimsubiri alie. Walisubiri siku ya kwanza, ya pili. Shangazi mmoja, kwa huruma tu, alimfinya paja chini ya leso ili machozi yapate njia. Bilha alimgeukia, akamtazama vile mtu anavyotazama mvua inayonyesha shamba la wengine.

Wakaanza kusema hakumpenda. Hilo nalo alilisikia, likapita.

Sasa kule kwenye mkokoteni maneno yalikuwa yamechacha tena.

"Mimi nasema mpe mjane," Hamdun alisema. "Kibanda kipo, pipa lipo. Atatafuta fundi, maisha yataendelea."

"Mjane atafanya nini na mashine? Ataipikia ugali?"

"Anaijua kuliko wewe."

"Hata mbuzi anaijua kuliko mimi, na sitaki kuijua! Mikono ya ndugu yangu mara ya mwisho ilikuwa kwa hiyo kamba. Unataka ikae kwa nyumba, iwe inatuangalia? Inaenda Nzoia."

"Mulamwa," Bilha alisema, akimwita shemeji yake kwa lugha ya kwao.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu kaburini. Festus aligeuka taratibu, sauti ikashuka. "Sema, mulamwa."

"Nataka kuvuta hiyo kamba."

"Kamba ya nini?"

"Ya mashine. Mara moja tu, halafu uitupe unapotaka."

Festus alimwangalia Hamdun kana kwamba ni yeye amemfundisha. "Mulamwa, wembe haujapita. Unajua mwiko wetu. Tena wewe ndiye mjane, wewe ndiye wa mwisho kugusa."

"Wembe ukipita utaisukuma."

"Nitaisukuma, ndio."

"Basi nitavuta lini?"

"Si hutavuta, mulamwa! Ndiyo nakuambia."

"Mwache mama avute," Hamdun akaingilia. "Kuvuta ni kitu gani? Haina hata petroli."

"Nyamaza, wewe! Mambo ya wembe unayajulia wapi? Kwenu mnanyoa lini?"

"Ijumaa, kama tuna nafasi."

"Unanichezea? Siku kama hii unanichezea?"

Wakakaribiana, kifua kwa kifua, mwembamba na mnene, na ndipo Bilha aliposimama. Hakuna aliyetarajia. Alikuwa amekaa siku tatu mpaka watu wakamzoea kama kigoda. Alitembea zile hatua sita bila kuzihisi, na Festus alipogeuza kichwa, tayari mkono wa mjane ulikuwa kwenye kishikio, na mguu wake mmoja umekanyaga gurudumu la mkokoteni.

"Mulamwa!"

Akavuta.

Kamba ikaja. Ilikuja yote, ndefu, na ile sauti ya kukohoa ndani ya chuma, na ikarudi yenyewe ikilia kama cherehani. Akavuta tena. Ikaja. Ya tatu ilikuja laini kuliko zote, na tone moja la petroli nzito lilitoka chini ya kabureta likamdondokea kwenye kidole. Akalisugua kwa gumba. Lilikuwa linateleza. Glasi mbili, si pungufu.

Alingoja. Alikuwa amefikiri kwamba ikija kamba, na kitu kingine kitakuja nayo, kitu cha kifuani, hata kama ni kilio. Alingoja kama mtu aliyegonga mlango. Hakuna aliyefungua.

"Haikushikana," akasema.

"Nini haikushikana?" Festus alikuwa ameshika kofia kichwani kwa mikono miwili kwa ajili ya ule mwiko.

"Pistoni. Inazunguka. Ilizima tu yenyewe, vile hizi huzima. Oili ilikuwemo."

Hamdun alimtazama. Akatazama kile kidole kilichokuwa bado kinasuguliwa kwa gumba, vile alivyokuwa akikiona kila asubuhi nyuma ya msikiti, miaka kumi na mbili, na hakuwahi kukifikiria. Akashusha macho chini.

Festus alishusha mikono kutoka kichwani.

"Na nani," akauliza, polepole, "alikuwa amesema haikuwemo?"

Kuku alipita kati yao. Hakuna aliyemfukuza.

"Mulamwa. Nakuuliza vizuri. Mimi sijasema oili. Huyu hajasema oili. Siku tatu hapa watu mia tatu wamekula na kulala, hakuna mmoja amesema oili. Hiyo petroli ilichanganywa na nani?"

"Festus," Hamdun akasema.

"Sikukuuliza wewe."

Bilha aliachia kishikio. Kilikuwa kimemwachia alama nyekundu kiganjani, akaitazama, haikumuuma.

"Mulamwa," akaanza, "ile asubuhi mimi nilikuwa nimeshika glasi. Halafu Jerono wa maziwa akaniita barabarani, na mimi nikatoka, na niliporudi..."

"Hodi huko! Wenye nyumba mko?"

Sellah, mama mzee anayenyoa ukoo mzima, alikuwa ameshaingia langoni, beseni la maji mkono mmoja na wembe mpya katika karatasi mkono wa pili, akihema kwa mwendo. Akawaona watatu wamesimama kuzunguka mkokoteni. Akamwona mjane yuko kwa miguu yake. Festus akavua kofia tayari kwa wembe, macho yake bado kwa Bilha.